Wakopeshaji wa maendeleo ya jamii hupata wapi mtaji?

Swali: Ndugu zangu, taasisi za Marekani zinazowakopesha wafanyabiashara waliokataliwa na benki hupata wapi fedha, na hujikingaje dhidi ya hasara?

Jibu: Mfuko wa serikali kuu ulioanzishwa mwaka 1994 huzipa ruzuku, nazo huitumia kuvutia fedha za benki, ambazo sheria ya mwaka 1977 huzihimiza kuhudumia maeneo ya kipato cha chini.

Jibu: Naongeza kwamba kinga kubwa, kwa maoni yangu, ni ushauri: afisa hukaa na mwombaji, wakapitia daftari la mauzo na madeni, ndipo wakadirie marejesho anayoyamudu.

Muulizaji: Je, riba ni nafuu?

Jibu: Si lazima iwe chini ya ile ya benki, unafuu huonekana ukiilinganisha na mikopo ya haraka.