MJADALA: Iringa inalisha nchi, mbona watoto wake wamedumaa?

Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo linaniuma, naomba tulijadili bila matusi.

Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zilionyesha udumavu kwa watoto walio chini ya miaka mitano ni asilimia 30 nchi nzima. Iringa ilikuwa karibu asilimia 57, ikiongoza mikoa yote. Njombe na Rukwa zikafuata, kila mmoja karibu nusu ya watoto wake. Hii ndiyo mikoa ya mahindi, viazi, maharage na nyanya! Na mtoto aliyedumaa kabla ya kufikisha miaka miwili, si urefu tu unaopungua. Ubongo nao unachelewa, na darasani mwalimu atamwita mzito.

Kila jambo hili likitajwa, jibu ni lilelile: akina mama hawana elimu ya lishe. Mimi nabisha.

Nimekulia Ilula, hapa Iringa, kwenye mashamba ya nyanya. Msimu wa kuvuna, mama anatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda bondeni. Mtoto wa miezi kumi anabaki na dada yake wa miaka saba. Uji mweupe wa sembe na sukari unapikwa sufuria zima na kufunikwa. Saa nane mchana mtoto anapewa uleule, umepoa na kuganda utando juu. Kuku wapo na wanataga. Lakini mayai yakikusanyika anapita mchuuzi, na hela ile ndiyo chumvi, sabuni na daftari. Yule mama anajua kabisa yai lina faida gani. Ila lina kazi nyingine.

Halmashauri ziliagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Kwa bei za mtaani hayo ni mayai mawili, matatu. Nasema fedha iende kwanza kwenye vituo vya kulelea watoto mchana, vijijini kwenyewe, mtoto ale uji wa maana mama akiwa shambani. Semina zingoje.

Mchangiaji kutoka Njombe:
Ndugu yangu, nakuheshimu, lakini unawatetea watu kupita kiasi. Huku kwetu parachichi zilizokataliwa na wanunuzi zinaozea chini ya mti, na mtoto wa nyumba hiyohiyo anakunywa uji mtupu. Kuponda parachichi kwenye uji kunahitaji hela gani? Halafu mbona hujagusa ulanzi, pombe yetu ya mianzi? Lori la kununua mazao likija, anayeshika hela ni baba, na nusu yake inaishia kilabuni.

Mwanzisha mada:
Mkuu, la parachichi nakubali, hapo elimu inahitajika na sina ubishi. Na hilo la baba umelisema vizuri kuliko mimi. Sasa niambie: kliniki siku ya kupima uzito, anayekaa kwenye benchi kufundishwa ni nani? Ni mama. Tunamfundisha asiyeshika hela, aliyeshika hela tunamwacha kilabuni. Akina baba waitwe, tena waitwe kwa jina na mwenyekiti wa kitongoji.

Mchangiaji kutoka Mufindi:
Shikamooni wakubwa. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Mwaka jana nilimkuta mama mmoja anachuma chai kwa kibarua, mwanawe mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki unashuka kila mwezi. Nikamweleza makundi ya vyakula yote, na mtoto alishwe mara ngapi kwa siku. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Hayo yote ninayajua, mwanangu. Nipe mtu wa kumpa huo uji saa nne."

Nilifunga daftari langu. Tangu siku ile, nikiingia nyumba yoyote swali langu la kwanza ni hili: mchana mtoto anabaki na nani?