Geji za asili za Ferguson TE20 inapohamishwa kutoka volti 6 hadi 12

Mkulima wa Ruai
Ndugu mafundi, hamjambo. Trekta aina ya Ferguson TE20 aliloniachia marehemu baba, mojawapo ya yale yaliyoundwa Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956, linatumia volti 6, na chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye chuma cha trekta. Nimezunguka Kirinyaga Road nikitafuta betri yake nikaikosa, kwa hiyo nitaweka betri ya volti 12 na altaneta (kifaa kinachozungushwa na injini ili kuchaji betri), hasi ikae kwenye chuma. Geji sitaki kuzitoa, kwa maana ndizo alizokuwa akizitazama kila alfajiri. Je, ameta, geji ya presha ya oili, na geji ya umeme ya kupimia mafuta aliyoiongeza mwenyewe zitasalimika?

Fundi wa Industrial Area
Ya oili usiiguse. Sindano yake inasukumwa na oili yenyewe inayopanda kwenye kibomba chembamba kutoka injini. Ameta hupima mkondo, hivyo volti 12 peke yake haitaiunguza, lakini kwa kuwa umegeuza chanya na hasi itasoma kinyume mpaka ubadilishane nyaya zake mbili. Ukishazibadilisha, washa taa injini ikiwa imezimwa: sindano lazima ielekee upande wa betri kupungukiwa. Ninachokihofia ni altaneta. Ameta nyingi za enzi hizo hukomea ampia 20 au 30, na altaneta ya gari dogo inaweza kutoa 35 na zaidi, mkondo ambao betri iliyoshuka itauvuta wote kupitia ameta hiyo. Ichaji betri kwa chaja kwanza, ndipo uwashe. Koili nayo, ile inayotengeneza umeme wa cheche za plagi, ibadilishe uweke ya volti 12.

Mkulima wa Ruai
Ahsante sana, fundi. Kuhusu geji ya mafuta, nimeshauriwa nitie rizista moja (kipande kinachopunguza umeme) mbele yake. Inatosha?

Mwanaumeme wa Luthuli
Haitoshi, ndugu yangu. Kifaa kilichomo tangini hubadilisha ukinzani kadiri mafuta yanavyopanda na kushuka, mkondo nao hubadilika, na volti zinazopotea kwenye rizista hubadilika pamoja nao. Ukiipatanisha tangi likiwa limejaa, itakudanganya likifika nusu. Nunua regyuleta ya 7806, ambayo hutoa volti 6 zisizoyumba hata altaneta ikipandisha hadi 14, na ambayo geji moja ya namna hiyo haitailemea. Bati lake la nyuma limeungana na hasi, hivyo kwa kuwa hasi sasa iko kwenye chuma, lifunge kwa skrubu nyuma ya dashibodi bila plastiki katikati, chuma kifyonze joto lake. Umeme wake utoke kwenye swichi ya kuwashia, kupitia fyuzi ndogo. Kabla ya kuunganisha geji, pima kwa mita. Ukiona zaidi ya volti 6 na kidogo, usiunganishe, maana geji ile ikiungua hutapata ya kuirudisha mahali pake.

Mkulima wa Ruai
Nimepima: 6.02. Nimeunganisha, nikachovya ufito tangini, na sindano inakubaliana nao.