Tahadhari ya "mawimbi makubwa" inanisaidia nini mimi wa Bonde la Mpunga? Semeni maji yatafika wapi!

Wakuu, leo nina hasira, mtanivumilia. Wasimamizi, msiuunganishe uzi huu na zile nyuzi za mafuriko ya mto kule Jangwani. Hapa naongelea bahari.

Juzi meseji ya watu wa hali ya hewa imeingia kama kawaida: upepo mkali, mawimbi yanayozidi mita 2, ukanda wote wa pwani, kiwango cha athari WASTANI. Wastani kwa nani? Ukanda wa pwani unaanzia Tanga mpaka Mtwara! Mimi nipo Msasani Bonde la Mpunga, hapa Dar, na sina hata ngalawa. Mawimbi ya huko nje ni habari ya nahodha. Mimi nataka kuambiwa maji yatapanda kiasi gani na saa ngapi, nijue kama ni kuinua friji juu ya matofali au ni kulala. Nikalala. Alfajiri maji yakaingia kwa nyuma, kupitia mtaro, ya chumvi, yamechanganyika na uchafu wa chemba. Friji ya genge imekufa, godoro la watoto ndiyo basi tena.

Kinachoniuma zaidi, sehemu kubwa ya jibu inajulikana mapema. Kujaa na kupwa kunapigiwa hesabu mwaka mzima kabla, bandarini wana majedwali. Mvuvi yeyote wa Msasani atakwambia mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, yaani bahari inajaa na kupwa kuliko siku nyingine, na hapa Dar bamvua hujaa mida ya saa kumi kuelekea kumi na moja, alfajiri na jioni. Tofauti ya kujaa na kupwa siku hizo inapita mita 3. Juu ya hapo ongeza upepo unaosukuma maji ufukweni, ongeza na mgandamizo wa hewa: ukishuka hektopaskali 1, bahari inainuka karibu sentimita 1. Halafu mvua ya masika. Mto Msimbazi ukifika Daraja la Salenda, pale unapoingia baharini, ukakuta bahari imejaa, maji yake yaende wapi? Yanarudi kwa watu. Hivi vitu vinakuja pamoja, sisi tunatangaziwa kimoja kimoja, mvua kivyake, upepo kivyake, na bamvua halitajwi kabisa.

Mnakumbuka kimbunga Hidaya? Ilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Mwezi mpya ulikuwa tarehe 8. Yaani ilitukuta karibu na maji mafu, siku ambazo bahari inajaa kidogo. Ingechelewa siku nne tu, ikatua saa ya kujaa, hapa tungekuwa tunaongea mengine. Watu wakashangilia kwamba kimbunga kimepoteza nguvu, sikusikia anayeongelea mwezi.

Venice, kule Italia, waliweka ving'ora vyenye milio tofauti: maji yakitarajiwa kufika sentimita 110 mlio mmoja, 120 miwili, hivyo hivyo mpaka 140. Mtu anasikia akiwa kitandani, anajua mtaa wake umo au haumo. Sisemi tuwe Venice. Nasema namba. Namba moja na saa yake!

Nimepiga simu ofisini. Wa kwanza: "Kaka, sisi ni hali ya hewa, mitaro siyo yetu." Wa mitaro: "Hayo ni maji ya bahari, ndugu yangu." Wa tatu akaniuliza kwa nini nimejenga bondeni. Nimepanga, mama! Na kabla hamjaja na hoja ya takataka mtaroni: ndiyo, zipo, nazilaani kila siku. Ila chupa za plastiki hazipandishi bahari.

Ukuta wa kuzuia bahari wa Barabara ya Barack Obama ni mzuri, hongereni wa huko.

Kama humu kuna mdau anayefanya kazi hizo, aje anijibu jambo moja: kwa nini tahadhari isiandikwe "bahari itajaa saa 10:40 alfajiri, itazidi kujaa kwa kawaida kwa sentimita kadhaa, mitaa hii na hii ijiandae"? Nani anazuia?

Na nyie wa Kawe, Kunduchi, Mbezi Beach na Kigamboni, wekeni hapa chini maji yalifika saa ngapi na yalikomea wapi ukutani. Mimi naanza: saa kumi na nusu, chini kidogo ya soketi.