Ngano na mbolea za Bahari Nyeusi: mnaoijua njia, tupeane uzoefu

Mwanabandari: Kila Urusi na NATO wakitunishiana misuli, bei ya ngano inashtuka. Mwaka 2022 bandari za Ukraine za Odesa, Chornomorsk na Pivdennyi zilifungwa tangu Februari, vita ilipoanza, hadi makubaliano ya Istanbul ya kuruhusu nafaka itoke, Julai 22. Kila meli ikakaguliwa Istanbul, kwenda na kurudi, na watu wa Umoja wa Mataifa, Uturuki, Urusi na Ukraine. Foleni ikawa ndefu, na gharama ya meli kusubiri ikaishia kwenye bei ya unga.

Fundi Reli: Walioshangaa kwa nini nafaka isipite kwa treni: reli ya Ukraine ina upana wa milimita 1,520, ya Poland 1,435. Mpakani behewa linainuliwa kwa jeki, seti ya magurudumu inatolewa, inaingizwa nyingine. Au nafaka inahamishiwa behewa jingine, na kila ikihamishwa, nyingine inamwagika. Behewa likibeba tani 60, meli moja ya tani 30,000 inataka mabehewa 500. Yatoke wapi?

Kilindini Juu: Hapo umemaliza.

Mtazamo Tofauti: Mnairuka SWIFT, mtandao wa benki wa kutumiana maagizo ya malipo kimataifa. Mbolea na chakula cha Urusi havikuwekewa vikwazo, lakini Rosselkhozbank, benki yao ya kilimo, ilitolewa humo Juni 2022. Mnunuzi analipaje? Mbolea ya Uralchem, kampuni ya Urusi, ilikwama bandari za Ulaya, baadaye ikagawiwa msaada: tani 20,000 Malawi, 34,000 Kenya.

Mwanabandari: SWIFT haikupiga maghala, ndugu yangu. Urusi ilijitoa kwenye makubaliano ya Istanbul Julai 17, 2023. Siku mbili baadaye, kwa hesabu ya wizara ya kilimo ya Ukraine, tani 60,000 za nafaka ziliteketea Chornomorsk. Chakula cha watu!

Mtazamo Tofauti: Sijatetea makombora. Nasema mkulima wa Afrika aliumizwa na pande zote mbili.

Bima Baharini: Tangu Agosti 2023 meli zinaambaa na pwani: maji ya Romania, Bulgaria, kisha mlango wa bahari wa Bosporus, Uturuki. Zote hizo ni nchi za NATO, kumpiga mtu humo ni jambo jingine. Waagizaji, msifunge bei kabla ya kujua bima ya vita. Bei ya bima unayotajiwa haidumu, shambulio moja tu inabadilika.

Duka la Pembejeo: Mimi nasema fungeni mapema, bima mtabishana baadaye. Wa mbolea ya urea tazameni bei ya gesi ya Ulaya: urea inatengenezwa kwa amonia, amonia inatokana na gesi, bei ikipanda viwanda vinazimwa.

Bima Baharini: Ukifunga mapema, hakikisha mkataba unasema nyongeza ya bima analipa nani.