Kamera za mtego kwenye njia za msitu: nani ashike kadi?

Hoja: Je, vikundi vya kijamii vya Mombasa na Kwale vifunge kamera za mtego (zinazojipiga zenyewe kitu kikipita mbele) kwenye njia za misitu ya kaya, ile mitakatifu ya Wamijikenda, na kandokando ya hifadhi ya Shimba Hills, na picha za watu zitakazonaswa zikabidhiwe askari wa wanyamapori? Wachangiaji wanaitwa kwa majina ya mitaa yao.

Likoni
Naunga mkono. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, lakini waya wa breki ya baiskeli ungali unategwa. Kitanzi hufungwa kwenye mti mchanga pembeni mwa kijia, chini kidogo ya goti la mtu, na hakichagui: leo paa, kesho chui, kesho kutwa mbwa wa jirani. Doria hupita kijia kimoja kisha siku kadhaa zikapita kabla haijarudi. Kamera hukaa pale miezi miwili, usiku na mchana. Kifaa hiki kilienea kwa sababu ya wawindaji wa Marekani waliotaka kujua kulungu anapita wapi na saa ngapi. Sisi tukitumie kuwalinda wanyama.

Na faida si ya ulinzi tu. Sengi wa Udzungwa, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kule Tanzania, alionekana kwanza kwa wanasayansi kwenye picha ya kamera ya mtego mwaka 2005, akapewa jina lake la kisayansi mwaka 2008. Misitu yetu ya pwani ina wanyama wa namna hiyo, wadogo na waoga, na hatuwezi kulinda tusichojua kama kipo.

Mji wa Kale
Ndugu yangu wa Likoni, nia yako naiona, lakini kijia cha msituni hakipitwi na mwindaji peke yake. Hupita mama na mzigo wa kuni, hupita mganga atafutaye mizizi, hupita mzee aendaye kwenye tambiko. Kaya za Mijikenda ziliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, na miti ile imesimama mpaka leo kwa sababu ya miiko. Ziko sehemu za kaya ambazo mgeni hakanyagi na picha hazipigwi. Je, kamera iachwe humo miezi miwili bila idhini ya wazee?

Tena Katiba ya 2010, kifungu cha 31, yalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yamtaka anayekusanya habari za mtu amjulishe mwenyewe. Uso ni habari za mtu. Nani atamjulisha yule mama wa kuni? Na mwisho wa yote atanaswa maskini mwenye paa mmoja begani. Anayenunua nyama ile kwa jumla hatii mguu msituni.

Fundi wa Kongowea
Kabla hamjaendelea, mjue kwanza kamera yenyewe inaona nini, maana naona mmoja anaipa nguvu isizokuwa nazo na mwingine anaiogopa kupita kiasi.

Kihisi chake hakimwoni mnyama. Kinachohisi ni tofauti ya joto baina ya kitu kinachosogea na kilicho nyuma yake. Mchana wa kaskazi, ardhi ikiwa imechemka karibu na joto la ngozi ya mnyama, nguruwe mwitu mzima hupita mbele yake na picha isipigwe. Usiku na alfajiri hukosea kidogo sana. Na kitu kinachokatiza mbele ya kihisi hunaswa upesi kuliko kinachokijia moja kwa moja. Kwa hiyo usiielekeze kamera kwenye urefu wa njia wala usiikate njia kwa pembe mraba. Iweke mshazari, kama nyuzi 45, mita 3 au 4 kutoka kijiani. Hapo mnyama hukatiza vya kutosha na hubaki kwenye picha kwa muda wa kutosha.

Maelekezo ya kigeni husema kamera itazame kaskazini. Hayo ni ya watu wa mbali na ikweta. Sisi tuko nyuzi 4 kusini yake, jua la mchana liko juu ya vichwa, kaskazini au kusini ni sawa. Kosa ni kutazama mashariki au magharibi, ambako jua la asubuhi na la jioni litaingia kwenye lenzi na kukupa mamia ya picha nyeupe.

Kuhusu kuchagua, usidanganywe na megapikseli. Kamera iliyoandikwa 24 au 36 mara nyingi ina kihisi cha picha cha 3 hadi 5, zilizobaki ni programu inayotanua picha. Tazama muda wa kufyatua: ukizidi nusu sekunde utapata mikia. Tazama na muda wa kujiandaa kwa picha ya pili, ambao wauzaji hawapendi kuutaja. Taa ya usiku ya nanomita 850 humulika mbali lakini huonyesha wekundu hafifu ambao mtu huuona, na akiuona ataing'oa kamera. Ya nanomita 940 mtu haioni, ila picha huwa na chengachenga na umbali hupungua.

Betri ndizo zinazowashinda wengi. Nane za AA za kawaida zikiwa mpya ni volti 12. Za kuchaji ni 1.2 kila moja, jumla 9.6, na kamera nyingine kwa volti hizo hupiga vizuri mchana, usiku taa ikakosa nguvu, mwenyewe akadhani kamera ni mbovu. Litiamu hushikilia volti mpaka karibu na mwisho. Usichanganye mpya na kuukuu. Kadi ya kuhifadhi picha: gigabaiti 32 yatosha. Iformati ndani ya kamera yenyewe, wala si kwenye kompyuta, na hakikisha kile kitufe cha pembeni cha kuzuia kuandika hakijafungwa. Kadi bandia zimejaa madukani. Ijaze video mpaka mwisho nyumbani, uzifungue zote, ndipo uende nayo msituni.

Na pwani ina maadui wake. Hewa ya chumvi hula miguu ya betri ikawa kijani. Masika huingiza unyevu, lenzi ikaota ukungu kwa ndani. Weka vifuko viwili vya chembe za silika, vibadilishwe kila unapobadilisha kadi, na mpira wa mlango uufute mchanga kabla ya kuufunga, kwani punje moja yatosha kupitisha maji. Sisimizi hutaga kwenye tundu la kipaza sauti. Buibui husuka mbele ya taa, usiku picha zote zikawa nyeupe. Majani ya mbele yakatwe mpaka mita 5, la sivyo upepo wa kusi utakupigia picha 4,000 za nyasi.

Likoni
Ahsante fundi. Na zile zenye laini, zinazotuma picha kwa simu papo hapo? Mtu akitega waya saa nane usiku, askari apate habari saa nane na dakika mbili.

Fundi wa Kongowea
Zipo, ila angalia masafa. Iliyotengenezewa soko la Marekani mara nyingi haisikii minara yetu ya megahezi 800 na 1800, hata ukitia laini gani. Nyingine hukubali laini ya kampuni yake tu. Halafu bonde la msituni halina mtandao. Kamera itahangaika kutafuta mnara na kumaliza betri kwa siku chache. Pima kwanza kwa simu pale pale mtini, kwenye kimo kile kile cha kamera, si ukiwa umesimama.

Bamburi
Mimi kamera zenye laini nazipinga kabisa mikononi mwa vikundi, na sababu yangu haijatajwa bado. Huko huko Marekani zilikoenea wameanza kuzifungia. Arizona ilipiga marufuku kamera hizi kwa uwindaji kuanzia Januari 2022. Utah huzizuia katika uwindaji wa wanyama wakubwa kuanzia tarehe 31 Julai hadi 31 Desemba. Wenzetu hao wanaruhusu uwindaji, na bado wameona kwamba anayejua kwa dakika mnyama yuko wapi hawindi tena, anakwenda kuchukua tu.

Sasa tazameni Shimba Hills. Ndiko makao ya palahala, wale swala wakubwa wenye pembe zilizopinda nyuma, wa mwisho Kenya. Kikundi kina watu 20 kwenye simu, picha inaingia: palahala watatu, saa kumi na moja na robo, jina la kamera, joto la hewa, na hata mahali penyewe. Akitoka mmoja tu kati ya hao 20 akaituma kwingine, mmemwindia mtu. Kamera isiyo na laini humchelewesha mwizi wa habari wiki kadhaa, na kuchelewa huko ndiko kinga.

Changamwe
Nasoma nanyi mwasahau wakulima. Ndovu akiingia shamba la mahindi Kwale, mwenye shamba huambiwa alete ushahidi. Sheria ya wanyamapori ya 2013 imeweka fidia: milioni 5 kwa kifo cha mtu, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu, na mazao yana utaratibu wake kupitia kamati ya kaunti. Kamera ifungwe ndani ya mpaka wa shamba langu, itazame shamba langu. Hapo hakuna kaya wala mama wa kuni.

Fundi wa Kongowea
Kwa ndovu usiifunge kimo cha kiuno, ataing'oa kwa mkonga akichezea. Ipande mita 2.5 au zaidi, uiinamishe, ndani ya kisanduku cha chuma. Piga pia picha za mchana za nyayo na za mimea iliyovunjwa, kwa sababu picha ya ndovu kasimama gizani haionyeshi alikula ngapi.

Mji wa Kale
La Changamwe nalikubali. Shamba ni lake. Kwa msitu, fundi, nikuulize: yawezekana kamera ione wanyama isione nyuso?

Fundi wa Kongowea
Kwa kiasi kikubwa, naam. Lenzi ya kawaida huona kama nyuzi 40 kwa wima. Ukiifunga sentimita 40 kutoka chini ikiwa sawasawa, kwenye mita 3 itaona mpaka mita 1.5, yaani mabega. Ukiiinamisha nyuzi 10, kwenye mita 3 itaona mpaka sentimita 93, kiunoni. Kwenye mita 6 itafika mita 1.46. Uso wa mtu mzima utaanza kuonekana baada ya hapo, kwa hiyo chagua mahali ambapo nyuma ya kijia, kwenye mita 5, pana kichaka kizito au shina la mti mkubwa. Sengi, paa, nguruwe, chui, wote utawaona. Kwa sengi peke yake shuka mpaka sentimita 25.

Ila nisikufiche: mtu akiinama uso utanaswa. Anayeokota kuni huinama. Na watoto ni wafupi.

Likoni
Na anayetega waya huinama pia, basi hiyo kwangu yatosha.

Bamburi
Haitoshi, kaka. Umnase, umpeleke mahakamani na nini? Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, yataka cheti kwa kila ushahidi wa kielektroniki: kifaa gani, kilifanya kazi sawasawa au la, nani alikisimamia. Kamera nyingi betri zikiisha kabisa saa hurudi mwanzo. Kikundi kikaweka betri mpya, kikasahau saa, picha ikasema 1 Januari saa sita usiku. Wakili wa utetezi hahitaji zaidi ya hilo. Kila ubadilishapo kadi, piga picha moja ya skrini ya simu inayoonyesha tarehe na saa, mbele ya kamera, unapoingia na unapotoka. Kadi ya ushahidi haifunguliwi na kila mtu: inafungwa kitufe, inatiwa bahasha, inatiwa sahihi, na kazi yote hufanywa kwenye nakala.

Mji wa Kale
Mimi sharti langu lilikuwa jingine: picha za watu zifutwe siku hiyo hiyo, mbele ya mzee wa kaya, kabla kadi haijatoka msituni.

Fundi wa Kongowea
Hapo ndipo mnapogongana, na si kwa maneno. Kufuta kwa kawaida hakufuti. Faili hubaki kwenye kadi mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na programu ya bure huirudisha. Kutimiza sharti la Mji wa Kale yabidi picha za wanyama zinakiliwe kwanza, kisha kadi nzima iandikwe upya juu mpaka ijae. Ukifanya hivyo, kadi ile ushahidi wa Bamburi imeuua, kwa sababu asili haipo tena. Kadi moja haiwezi kufanya kazi zote mbili.

Bamburi
Basi zitengwe. Kamera za kuhesabu wanyama ziwe za kikundi, chini, zimeinamishwa, hazina laini, na picha za watu hazitoki. Kamera za kukamata wahalifu ziwe za KWS, shirika la serikali la wanyamapori, peke yao, kwa kadi zao na cheti chao, na zisikae ndani ya kaya.

Likoni
Na kamera ya kikundi ikimnasa mtu na waya mkononi?

Mji wa Kale
Kikundi kiende kikautoe waya, na KWS waambiwe kijia. Kijia, si mtu.

Likoni
Hilo silikubali. Ametega mmoja leo, kesho atategea kijia kingine ambacho hakina kamera.

Mji wa Kale
Basi waulizwe wazee kabla hamjanunua hata moja, na kisanduku kiwe na kufuli mbili: ufunguo mmoja kwao, mmoja kwenu.

Fundi wa Kongowea
Kufuli ziwe za shaba. Za chuma kwa hewa yetu hushika kutu miezi mitatu, na hapo hakuna ufunguo utakaofungua, wa wazee wala wa kikundi.