Waliookoa watu mafuriko ya Rufiji: walipwe, wapewe vyeti, au tuwaachie thawabu zao?

Wakuu, salaam. Naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana kila masika mabaya yakipita linaibuka, maji yakikauka linasahaulika.

Aprili 2024 bonde la Rufiji lilijaa. Huko Muhoro, wilayani Rufiji, watu walitoka majumbani kwa mitumbwi, mashamba yakazama, familia zikahamia sehemu za juu na walichoweza kubeba. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipozungumza bungeni tarehe 25 mwezi ule alitaja vifo 155 na majeruhi 236 nchi nzima, na kaya zaidi ya 51,000 zilizoathirika. Hesabu za namna hiyo huandika waliokufa na walioumia. Mtu aliyetolewa juu ya paa na jirani yake akiwa mzima haingii kwenye jedwali lolote, na huyo jirani naye haingii.

Sasa swali langu ni hili. Mtu asiye na mshahara wa serikali wala kizibao cha shirika akitia mtumbwi wake majini akaokoa watu, sisi tuliobaki tunawiwa nini naye?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili mnishambulie vizuri: kabla ya cheti na kabla ya makofi, arudishiwe chombo chake kikiwa kizima. Na majina ya kushukuriwa yatoke kwenye mkutano mkuu wa kijiji, yasitoke ofisini.

Nina kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, anavua huko bondeni. Mtumbwi wake ni wa pondo, hauna mashine. Wakati wa maji alikuwa anapita juu ya nyua za watu, sehemu ambazo kiangazi tunapita kwa baiskeli, akachukua wazee, watoto, magunia ya mpunga, mara moja mama mwenye uchungu. Katika kuzunguka huko mtumbwi ukapanda kisiki cha mwembe kilichofunikwa na maji, ukapasuka upande wa mbele. Mama mmoja akachana khanga yake, wakaisokomeza kwenye ufa, kijana mwingine akakaa anafua maji kwa kopo la rangi, wakaendelea na kazi hivyo hivyo. Waliookolewa wapo, wanamjua.

Ila watu wa bondeni mnajua: mto ukishuka ndipo samaki wanapopatikana. Maji yanarudi mtoni, kambale na perege wanabaki kwenye mabwawa, na mwenye chombo ndipo anapopata ada za shule. Yeye mtumbwi ulikuwa umelala juu ya ardhi na ufa wake. Akaanza kuvua kwa mtumbwi wa mwenzake, kila samaki anayepatikana wanagawana nusu kwa nusu. Yaani aliyewavusha wenzake ndiye aliyemaliza mwaka akiwa na hali mbaya kuliko wengi aliowavusha. Hilo ndilo linaloniuma.

Baadaye ikaja hafla ya kuwashukuru waliojitolea. Sitaitaja taasisi, wala siamini walikuwa na nia mbaya. Orodha yao waliitoa kwenye karatasi za mahudhurio ya semina. Waliosaini semina wakapata vyeti na posho. Kaka hakuwa amesaini popote kwa sababu siku ya semina alikuwa majini. Kwa utaratibu ule, aliyekuwa na kazi nyingi zaidi ndiye aliyekosa jina.

Najua hoja za upande wa pili, na moja naiheshimu sana: tenda wema nenda zako. Wazee wengi wa kwetu wanasema ukishamlipa mtu aliyejitolea umemnyang'anya thawabu yake, na kesho vijana watauliza bei kabla ya kushika pondo. Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini thawabu ni kati ya mtu na Mola wake, hakuna halmashauri inayoweza kuitoa wala kuichukua. Ule ufa ni wa kwetu. Jirani akikuazima jembe mpini ukavunjikia shambani kwako, unalirudisha na mpini mpya, na hakuna atakayesema umemlipa kwa ujirani wake. Ndiyo maana sisemi walipwe mshahara wa kuokoa. Nasema wasitoke kwenye wema wakiwa maskini zaidi. Wenye boti za mashine ndio usiseme: lita ya petroli ilikuwa imevuka shilingi 3,200 Aprili ile ya 2024 hata Dar, na injini haijui kama hii safari ni ya biashara au ya msaada.

Wengine wanasema mbona wapo waliotoza? Ni kweli, wapo, na siwalaumu wote. Hata Jangwani pale Dar maji yakijaa kuna vijana wanavusha watu mgongoni na kwenye mikokoteni kwa hela. Hao wamefanya biashara na wameshalipwa. Kijijini kila mtu anajua nani alidai nauli na nani hakudai, ofisi ndiyo isiyojua. Ndipo ninaporudi kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Jina linasomwa mbele ya watu wazima wote, aliyeokolewa anasimama anasema "huyu alinitoa", na kama ni uongo litakataliwa hapo hapo kwa kelele.

Na hili la kumchagua shujaa mmoja nalo tuliangalie. Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria pale Bukoba ikiwa na watu 43, wavuvi walikuwa wa kwanza kufika. Watu 24 walipona. Kijana mmoja, Majaliwa Jackson, alipewa shilingi milioni moja na Rais akaagiza aingizwe Zimamoto. Nilifurahi kama Watanzania wote, alistahili. Lakini mitumbwi iliyokwenda pale ilikuwa na wavuvi wengi, na hao wengine tunawajua kwa jina la "wavuvi" tu. Mwaka uliofuata, Desemba 3, tope liliposhuka Mlima Hanang na kuufunika mji wa Katesh, nani angemchagua mmoja kati ya watu waliokuwa wanafukua kwa mikono? Zawadi ya mtu mmoja inafaa magazeti. Kijiji kinabaki na minong'ono.

Utaratibu wa kufanyia kazi hii tunao tayari. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati hadi ngazi ya kijiji. Kamati hiyo iwe na daftari kabla ya masika: nani ana mtumbwi, nani ana mashine, nani anaogelea, nani anaujua mkondo usiku. Ikubaliwe mapema kwamba chombo kikiharibika katika kuokoa kitatengenezwa na halmashauri. Majaketi okozi yakae kijijini, yasikae stoo ya wilaya ambako barabara ikikatika hayafikiki. Rufiji ilifurika 1968, ikafurika 1974, ikafurika 1998. Itafurika tena (suala la Bwawa la umeme la Julius Nyerere, lililojengwa kwenye mto huo, naliacha, lina mjadala wake) na tutawahitaji watu hawa hawa, wakiwa na vyombo vinavyoelea.

Nyongeza: Dada mmoja amechangia hapo chini kwamba nimeongelea wanaume wenye mitumbwi tu, na waliopokea familia na kuzipikia je? Hoja yake ni nzito. Mwanamke aliyelaza watoto wa wenzake sakafuni kwake, akamaliza mahindi yake ya akiba na mkaa wake, hana chombo kilichopasuka cha kuonyesha, kwa hiyo hata pendekezo langu lingemruka. Nakubali liongezwe: kwenye daftari la kamati ziandikwe na nyumba zinazopokea watu, na msaada wa chakula ukifika ziwekwe kwenye mgawo pamoja na waliofurikiwa. Kwa sasa mgawo unaangalia nani nyumba yake imezama, na nyumba iliyobeba mzigo inaambiwa "nyie mko salama".

Aliyeuliza hela itoke wapi: naanza na mapato ya ndani ya halmashauri na sehemu ya michango inayokusanywa wakati wa maafa. Kutengeneza mtumbwi mmoja hakuzidi gharama ya tenti na muziki wa hafla moja ya vyeti.

Walioko Kibiti, Kilosa na Katesh, tuambieni kwenu majina yaliandikwaje, na kama kuna kijiji kilichowahi kumtengenezea mtu chombo chake. Na wewe unayepinga kabisa fidia, nieleze kaka yangu angevua na nini.