Mama kaacha dawa za sukari kisa virutubisho, ivi hivi vitu vina ushahidi wowote?

BintiWaNyanza aliuliza:

Habari zenu wakuu, naombeni mnivumilie maana ni ndefu kidogo na kichwa hakijatulia.

Mama yangu ana miaka 61, yupo Sengerema, sukari anayo mwaka wa tisa huu na miaka yote hiyo anameza metfomini. Miezi ya karibuni amekuwa akilalamika miguu inawaka moto usiku, vidole vinakufa ganzi, mpaka kandambili inamtoka njiani hajui. Sasa jirani yake ambaye wanasali pamoja akamkaribisha kwenye semina ya afya. Huko kuna mashine, unashika kifimbo cha chuma kama dakika moja, kompyuta inahesabu hesabu zake halafu zinatoka karatasi kibao zenye rangi nyekundu na kijani. Mama kaambiwa ini limechoka, figo ina mafuta, mishipa imeziba, damu ni chafu na kalsiamu imeisha mwilini. Akauziwa makopo manne kwa laki nne na themanini, hela ya mpunga wote ule.

Jumamosi nlivofika nyumbani nimeyakuta yamepangwa juu ya meza ya tv, kwenye kile kitambaa alichofuma mwenyewe, kama vyombo vya wageni. Nikafungua kabati nikakuta pakiti ya metfomini, vidonge viwili tu vimetoka, vingine vyote vipo. Wiki tatu hajameza! Namuuliza ananiambia mwanangu dawa za hospitali ni sumu, hizi ni chakula, chakula hakimdhuru mtu. Hayo maneno si yake, namjua mama yangu.

Nachoomba ni hiki, kuna utafiti wowote wa kweli kuhusu hivi virutubisho au ni shuhuda tu za watu? Na ntaongeaje naye, maana huyo jirani ndiye aliyekaa naye siku zote tulivyompoteza baba, nikimsema vibaya tu nimekosana na mama.

MfamasiaWaDom alijibu:

Pole sana dada. Kabla ya utafiti tuanze na leo hii, mama apimwe sukari sasa hivi, duka la dawa lolote lenye glukomita, kile kimashine cha kupima sukari kwa tone la damu ya kidole, wanapima, na arudi kliniki yake kesho asisubiri tarehe ya kadi. Ukiona anatapika, anahema haraka haraka au anakuwa kama mtu wa usingizi usingizi, hapo ni hospitali usiku huohuo, usisome hata majibu yetu.

Hiyo mashine haipimi chochote. Kalsiamu inapimwa kwenye damu, figo tunaangalia kreatinini kwenye damu na protini kwenye mkojo, ini nalo lina vipimo vyake vya damu. Hakuna chuma cha kushika mkononi kinachoona mafuta kwenye figo ya mtu.

Sasa ushahidi. Ushuhuda wa mtu mmoja hauwezi kukuambia kitu kwa sababu hujui angekuwaje kama asingemeza. Ndo maana watafiti wanachukua watu wengi, wanawagawa kwa kura, nusu wanapewa kidonge chenyewe na nusu kidonge kinachofanana nacho ambacho ndani hakina kitu, na hakuna anayejua kapata kipi mpaka mwisho. Marekani walifanya hivyo kwa vitamini D na mafuta ya samaki, watu 25,871, wakafuatiliwa kama miaka mitano, matokeo yakatoka 2018: saratani haikupungua, na shambulio la moyo na kiharusi ukivijumlisha pamoja navyo havikupungua. Hao walikuwa watu wazima wenye afya ya kawaida ambao wengi wao hawakuwa na upungufu wowote, na hapo ndipo penyewe, ukishakuwa nacho cha kutosha kuongeza hakukusaidii.

Na hilo la "chakula hakidhuru" ndilo linaloniuma zaidi maana nalisikia dirishani kila siku. Ufini walichukua wanaume wavutaji sigara 29,133 wakawapa baadhi yao beta-karotini, ile ile ya kwenye karoti lakini imesindikwa kwenye kidonge, wakitegemea itawakinga na saratani ya mapafu. Majibu ya 1994 yalionyesha waliomeza walipata saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi ya wasiomeza. Karoti ni chakula, kidonge ni dozi, tofauti ipo kubwa.

Kitu kingine, angalia sana kama hayo makopo yanadai kushusha sukari. Singapore mwaka 2008 watu 150 ambao hawana hata kisukari walilazwa sukari imeshuka vibaya, wanne wakafa, kumbe baadhi yao walikuwa wanameza bidhaa za nguvu za kiume zilizochanganywa kisirisiri na glibenklamaidi, dawa ya kushusha sukari tunayoijua hapa. Lebo haikusema. Kwa hiyo beba makopo yote kwenye mfuko uende nayo kliniki, daktari ayaone.

KakaMlonge alijibu:

Mimi natofautiana kidogo na mfamasia, kwa heshima lakini. Mke wangu alivyokuwa mjamzito kliniki walimpa vidonge vyekundu vya kuongeza damu miezi yote, mtoto wetu alivyofika miezi sita akadondoshewa matone ya vitamini A na mpaka leo kila baada ya miezi sita anapata, akiharisha wanampa zinki na maji ya ORS. Hivyo vyote si virutubisho? Serikali yenyewe inagawa bure. Sasa inakuwaje vikitoka hospitali ni dawa vikitoka kwa mtu binafsi ni utapeli? Mimi natumia unga wa mlonge na multivitamini mwaka wa tatu na najisikia vizuri tu. Tusiwaponde watu wote kwa sababu ya matapeli wachache.

MpembaAsili alijibu:

Kaka Mlonge hoja yako nzuri na mimi sikupingi, ila nakupa kisa cha kwetu.

Madini ya chuma si ndiyo hayo vidonge vyekundu? Basi Pemba walifanya utafiti mkubwa, watoto zaidi ya 24,000, wa kuanzia mwezi mmoja mpaka miezi 35. Wengine wakapewa chuma na asidi ya foliki, wengine zinki, wengine vidonge visivyo na kitu. Nia njema tupu, watoto wetu wana upungufu wa damu na kila mtu duniani wakati ule akiamini chuma ni kheri. Mwaka 2003 ikabidi wasimamishe kutoa chuma, kwa sababu waliopewa ndio waliokuwa wakilazwa na kufa zaidi, matokeo yalivyochapishwa 2006 wakasema asilimia 12 zaidi ukijumlisha vifo na kulazwa. Malaria enzi hizo Pemba ilikuwa kali. Lakini sikiliza hapa, kikundi kidogo walichokipima damu mwanzo, wale watoto ambao kweli walikuwa na upungufu wa chuma na damu kidogo, wao walifaidika.

Kidonge ni kile kile, kisiwa ni kile kile. Mwenye kukosa kikamfaa, asiyekosa kikawa hatari kwake. Na baada ya hapo Shirika la Afya Duniani likabadilisha miongozo yake ya kugawa chuma kwa watoto wa sehemu zenye malaria. Mdogo wangu alikuwa rika hilo hilo ndiyo maana jambo hili nalifuatilia, silisemi kwa kusikia.

Kwa hiyo swali si kirutubisho ni kizuri au kibaya. Umuulize anayekuuzia: umejuaje kuwa mama anakosa hicho? Kwa damu yake, au kwa kifimbo?

SistaTemeke alijibu:

Mpemba umenena, na hapa Dar tuna yetu ambayo inafundisha vile vile. Miaka ya 90 Muhimbili na Harvard walifanya utafiti kwa wajawazito 1,078 wenye VVU, kipindi hicho ARV watu wa kawaida hatuna. Multivitamini za B, C na E zilisaidia kweli, watoto waliozaliwa na uzito mdogo walipungua kwa asilimia 44, na baadae ikaonekana akina mama wenyewe ugonjwa ulikwenda polepole. Ila waliopewa vitamini A, maambukizi kwenda kwa mtoto yaliongezeka, hakuna aliyetegemea. Halafu ARV zikaja, wakajaribu tena Dar hiyo hiyo kwa wagonjwa 3,418 walio kwenye dawa, dozi kubwa ya multivitamini dhidi ya dozi ya kawaida, dozi kubwa haikuongeza faida yoyote na vipimo vya ini vikaanza kupanda kwa wanaoimeza ikabidi wasimamishe. Mimi nimewahudumia wagonjwa walioacha ARV kwa ajili ya makopo kama hayo ya mama yako, na wengine nimewaosha mwenyewe kabla ndugu hawajaja kuwachukua. Tafadhali dada usichelewe.

AliyekuwaTimuLida alijibu:

Dada mimi hiyo biashara niliifanya Arusha miaka miwili kwa hiyo nakueleza nilichokiona kwa macho yangu.

Ile mashine kabla hujampima mtu unajaza jina, umri, urefu na uzito. Siku moja nilikuwa na foleni ndefu nikajaza taarifa za mzee mmoja nikabonyeza kuanza, karatasi ikatoka imejaa ini na kongosho na nini, nageuka namuona mzee bado yuko kwenye benchi anavua koti, kifimbo kiko mezani hajakigusa. Nilirudi nyumbani usiku sikulala. Kesho yake nikajipima mimi mwenyewe mara mbili nikabadilisha umri tu, nikiwa na miaka 29 ini zima, nikiwa na 58 ini limechoka. Nikawauliza waliokuwa juu yangu wakaniambia nina roho ya mashaka. Niliacha mwezi huo.

Watakuambia pia bidhaa imethibitishwa na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani. Uongo. Kwa sheria yao ya 1994 virutubisho haviombi kibali cha kuonyesha vinatibu kabla ya kuuzwa. Na hapa kwetu tangu 2019 mambo ya chakula yalitoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, yakaenda TBS, shirika la viwango, TFDA yenyewe ikawa TMDA inayoshughulika na dawa na vifaa tiba, kwa hiyo kopo likisajiliwa kama chakula hakuna mahali imesemwa linatibu sukari, hata anayeuza haruhusiwi kusema hivyo.

Kuhusu jirani, usimseme vibaya kabisa. Yeye naye kanunua mzigo kwa hela yake, ana pointi za kufikisha kila mwezi, na uwezekano mkubwa anaamini kila anachosema. Mimi nilimuuzia mamangu mdogo kwa upendo wote na hela zake nimemrudishia kidogo kidogo mpaka mwaka jana. Usimwambie mama kadanganywa. Mwambie tupime tuone, makopo yawe mezani na glukomita iwe mezani.

MfamasiaWaDom alijibu:

Nimesoma tena swali nimeona kitu nilichokiruka, nisamehe dada. Hiyo miguu kuwaka moto na ganzi. Inaweza kuwa sukari yenyewe imeharibu mishipa ya fahamu, lakini mtu aliyemeza metfomini miaka tisa anaweza pia kupungukiwa vitamini B12, kwa sababu metfomini inapunguza ufyonzwaji wake, hili linajulikana vizuri na dalili zinafanana. Muombe daktari ampime B12 kabla hajaanza kumeza vitamini yoyote ya B, maana akianza kwanza kipimo kitasoma vizuri na hatutajua ukweli. Ikiwa iko chini atapewa B12 ya kidonge au sindano na hiyo haina gharama ya laki nne. Na metfomini haachi, zinakwenda pamoja.

Kaka Mlonge, umeona sasa? Hapa mimi mwenyewe ndiye nadai kirutubisho, ila kwa kipimo.

KakaMlonge alijibu:

Nimekuelewa mkuu. Hilo la metfomini na B12 sikulijua, na baba yangu yuko kwenye dawa hiyo hiyo tangu 2014. Nampigia simu usiku huu.

BintiWaNyanza alijibu:

Wakuu nimerudi na Mungu awabariki wote.

Nilifanya kama alivyosema kaka wa Arusha. Asubuhi kabla ya chai nilimuomba mama kidole, sikusema kitu kuhusu makopo. Ikatoka 17.8. Mama hajui kusoma vizuri lakini hiyo namba ya sukari anaijua kuliko mtu yeyote, kliniki wamemuandikia miaka tisa kwenye kadi. Akaiangalia muda mrefu, akaenda kabatini mwenyewe akaileta kadi, tukaangalia ya mwezi wa pili ilikuwa 8.1. Akasema tu, "Twende."

Tumeenda na makopo kwenye mfuko. Daktari hakumgombeza, nilikuwa naogopa sana hilo, alikaa akasoma lebo moja moja, kopo moja halikuwa na maandishi yoyote ya viambato ni maua tu na anwani, akalitenga. Metfomini imerudishwa na kaongezewa dawa nyingine. Nikamuuliza kuhusu B12 akasema ni wazo zuri ila pale hawapimi, sampuli itapelekwa Mwanza, damu wamechukua tayari.

Jioni jirani alikuja. Mama alimuwekea chai, akamuonyesha kadi, namba zote mbili. Jirani akauliza kliniki ni siku gani, na yeye ana presha.